Vyeti Viwili vya Zadock Tyree

Marehemu Zadock Tyree alizaliwa Halifax, Karolina ya Kaskazini, tarehe 4 Machi 1806. Au alizaliwa Greensville, Virginia, tarehe 19 Oktoba 1811. Msikunje nyuso, ndugu zangu. Vyeti ndivyo vinavyosema.

Shule hakuiona utotoni. Alijifunza kusoma akiwa na miaka arobaini na kitu, hapa hapa Tansy Creek, mwalimu wake akiwa binti yake mwenyewe, Permelia, aliyempa adhabu ya kusimama pembeni kwa kusinzia. Na alisimama.

Alifika Indiana mwaka 1832, kijiji hiki kikiwa na nyumba sita na nguruwe wengi kuliko watu. Alipasua mbao za kanisa hili pamoja na Obadiah Burden, ambaye ndiye aliyemfundisha kushika msumeno. Nguzo zilizonyooka ni za Obadiah. Mwaka 1835 alimwoa Keziah, dada wa Obadiah huyo huyo.

Februari hii ya 1874 alishikwa na homa ya mapafu, akafariki tarehe 11, asubuhi. Wakati wa kumwosha, Keziah alifungua mkebe wa bati ambao mumewe hakuruhusu uguswe. Ndani mlikuwa na vyeti viwili vya uhuru, vile ambavyo enzi zile mtu mweusi asipokuwa navyo alikamatwa akauzwa utumwani. Kimoja cha Zadock Tyree, na alama ya kumtambua: kovu la moto, kiwiko cha kushoto. Kingine cha Enos Weldon: kovu juu ya jicho la kulia. Marehemu alikuwa na makovu yote mawili.

Sote twajua waliotoroka utumwani waliazima vyeti vya wenzao, na wapo waliojichanja ili wafanane navyo. Lakini kipi kilikuwa chake, kipi cha kuazima?

"Kaka, nimelala na nani miaka thelathini na tisa?" Keziah aliuliza.

"Na mtu mmoja, dada. Wawili wasingeenea kitanda kile."

"Acha utani wako, Obadiah! Mchonga kibao cha kaburi anangoja jina."

Obadiah, anayejua kila kitu, hakujua. Keziah akavitazama vyeti, akamtazama mumewe.

"Andikeni Zadock. Nikimwita hivyo aliitika."

"Na yule mwingine?" Obadiah aliuliza.

"Kama alimpa mume wangu cheti chake, huyo ni ndugu yetu. Mtieni kwenye wafiwa."

Ameacha mjane Keziah, binti Permelia, wajukuu wanne, shemeji Obadiah, na Enos Weldon, popote alipo.

Apumzike kwa amani. Huko aendako hakuna wa kumdai cheti.