Rangi ya Tone la Babu Bong

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mwalimu Mkuu wetu, Mwalimu Tak uliyetufundisha kuuliza kabla ya kuchora, wakazi wa jengo hili, na hasa Babu Bong wa ghorofa ya nne, wazazi wetu na wanafunzi wenzangu: karibuni juu ya paa.

Mimi ni Yu Da-on wa klabu ya bustani. Ukisimama hapa ukaitazama Seul, utaona mapaa ya kijani kila upande, lakini ni kijani cha rangi tu, ile inayopakwa kuzuia maji. Tangu utotoni nimejiuliza: kama tumekwisha kukubaliana kwamba paa liwe la kijani, mbona halina jani hata moja? Na mvua ikikuta udongo badala ya saruji, itafanya nini?

Paa la shule yetu limefungwa kufuli, kwa hiyo Mwalimu Tak akatuombea hili. Wakazi wote walikubali isipokuwa mmoja, na mmoja huyo ndiye anayelala chini ya bustani yenyewe.

“Udongo unaficha mambo,” Babu Bong alituambia. “Paa likivuja chini ya maua yenu, nani atalifukua? Tone moja tu likinidondokea puani, miche yote naitupa mtaani, na nyinyi mtaifuata!”

Basi, ili kulijaribu paa, tukaziba mifereji, tukajaza maji paani mpaka kwenye vifundo vya miguu, na Babu akajilaza mkekani akilichunga dari lake. Haukupita muda tukasikia kelele: “Njooni! Mnanifugia samaki huko juu?”

Dari lilikuwa linadondosha maji. Fundi tuliyemwita kulikagua paa akacheka. “Mzee, si mvuke wa supu yako huo?”

“Supu yangu haijawahi kupanda darini, kijana. Ina adabu kuliko wewe.”

Ni maji ya paa au ni mvuke? Tungejuaje? Rafiki yangu Ma Eun-sol akapata wazo: tuchemshe chija, yale matunda makavu yanayozipa figili za kachumbari rangi ya manjano, tuyamimine maji yake paani. Tone likishuka la manjano, paa linavuja.

Tukamimina, tukakinga bakuli jeupe, tukasubiri. Fundi alikuwa amekwisha kuondoka. Babu akaliinua bakuli dirishani, akalirudisha.

“Macho yangu haya hayatofautishi tena,” akasema. “Semeni nyinyi. Maji ni meupe au ya manjano?”

Ndugu wageni waalikwa, mngejibu nini? Michoro ya bustani tuliyoichora mwaka mzima ilitegemea neno moja, na shahidi mwingine hakuwepo. Eun-sol alinishika mkono kwa nguvu hadi ukaniuma. Kisha tukasema pamoja: “Ya manjano, Babu.”

Akaliweka bakuli chini. Halafu akasema, “Sasa mnalia nini? Kalitafuteni tundu.”

Tulilikuta chini ya nguzo ya kamba ya nguo, pale boliti ilipopasua saruji. Likazibwa, paa likapakwa upya, maji ya chija yakamiminwa tena, na dari likabaki kavu. Ndipo Babu akatoa ruhusa, lakini ya msimu mmoja: mvua kubwa za majira ya joto zikiisha, atalitazama dari lake na kuamua.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, leo unafungua bustani isiyojua kama itauona mwezi wa tisa. Nasi hatujui. Mvua zinaanza wiki ijayo, na nina hamu kubwa ya kuziona, ingawa usingizi wangu unapungua.

Jambo moja tu niongeze. Asubuhi ya leo, tulipokuwa tukipanga viti, Babu Bong alipanda ngazi peke yake, akakizunguka kitalu cha upande wa jua, akauliza kwa ukali, “Hapa mmeacha nafasi ya kabichi zangu?”

Kabichi za kimchi, ile achari yetu ya pilipili, kama mjuavyo, hupandwa mvua zikishakwisha, na huvunwa baridi inapobisha hodi. Nilichukua futi ya kupimia nikaanza kupima.

Nawashukuru nyote kwa kupanda ngazi zote hizi na kunipa masikio yenu.