Madoa ya Simiti

Tangu basi litoke Murang'a, Wamucii alikuwa akijiuma mdomo asicheke. Kiti cha mbele yake, mwanamke mmoja kijana alipakata chupa ya mafuta ya taa, akimlalamikia mama wa Meru aliyekaa dirishani. Miaka ile ya Uhuru kila mwenye kahawa alijenga nyumba ya mawe, na fundi wa mwanamke huyu alikuwa amemwachia vioo vya madirisha vimejaa simiti na rangi.

"Lowesha na mafuta, halafu kwangua na wembe pole pole," mama akasema. "Kioo ing'are mpaka usione kama iko."

"Moja nilisafisha hivyo, mama. Baba mkwe akaenda kutema ugoro nje kwa dirisha, vile amezoea. Ikamrudia yote kwa kidevu! Sasa anataka hizo zingine zibaki na madoa."

"Ati madoa? Nyumba ni ya watu ama ni ya ugoro?"

Wamucii akajifunika uso kwa leso. Basi likasimama Karatina, wauza ndizi wakalizingira.

"Lete ndizi hapa!" mama akaita, akarusha mkono dirishani. Vidole vikagonga kioo, ngo!

Basi zima likageuka kumtazama.

"Mwenye alisafisha hii," mama akasema, akipuliza vidole, "huyo anajua kazi."