Uweso Alikaa Barabarani Peke Yake

Kijiwe cha kahawa cha pale Mkwaja hakijawahi kukosa jibu la jambo lolote, ila jioni ile kila mtu alikuwa akitazama kikombe chake. Shaib, ambaye wenzake humwita Mwenyekiti ingawa hakuna aliyemchagua, ndiye aliyekuwa na moyo mzito kuliko wote. Jana yake aliwaapisha hapo hapo benchini: magari ya kampuni ya gesi yakija kulifunga diko wanaposhushia samaki, wataketi barabarani wote. Asubuhi magari yakaja. Aliyeketi ni Uweso tu, na sasa yuko mahabusu Pangani.

— Mwenyekiti, ulikuwa wapi? akauliza Redio, mtu asiyenyamaza hata akila.

— Usingizi ulinipitia. Na wewe?

— Wahenga walisema mtaka cha uvunguni sharti ainame. Mgongo wangu huu wainama?

— Mie nilifika, akasema Mstaafu, aliyewahi kuwa karani wa mkonge. Nikamwona mtu mmoja, nikajua imeahirishwa.

— Basi Uweso hawamwachii ng'o! Redio akapandisha sauti. Kajua siri. Gesi ikishatolewa, chini pabaki tupu. Kijiji kitabonyea kama andazi.

— Acha hizo! akadakia Mstaafu. Wanambembeleza kwa kazi. Atarudi na kofia ngumu ya kampuni, atufukuze sisi.

— Kofia? Wampeleka Ulaya, akawafundishe wenzao kukaa barabarani!

Wakacheka. Shaib naye alicheka, kisha kahawa ikamkwama.

Alikuwa anakuja Saleha, mkewe Uweso, kajitanda kanga, mkononi kapu la chakula cha kumpelekea mumewe.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba. Pole, mwanangu, akasema Shaib. Tuko pamoja.

— Ahsante. Nina swali. Mama yake Uweso alipofariki, mlijaa kwenye fuso mpaka wengine wakaning'inia. Na Uweso akifa, mtakuja?

— Ala! Kuzika ni faradhi, akasema Redio. Tutakuja wote, hata wagonjwa.

— Basi ni lazima afe kwanza, ndiyo mje?

Muuza kahawa mwenyewe aliacha kugonganisha vikombe. Redio alitafuta methali, asiipate.

Shaib aliona aibu, aibu ya kweli. Akavaa ndara zake, akalipokea lile kapu.

— Gari la mwisho la Pangani limeshapita? akauliza Redio, kwa sauti ndogo.

— Bado, akasema Saleha.