Kesar Bai Dhakad, Mke Aliyeninyanyua Kwenye Kiti

Ndugu zangu, majirani, na nyinyi akina mama mliojaza ua huu wa ofisi ya kijiji cha Ratanpura tangu asubuhi, mimi ni Nandkishor Dhakad, mume wa marehemu, na kabla hatujambeba kumpeleka mtoni kumchoma kwa mila yetu naomba mnisikilize, na mkiniona natabasamu msinishangae, mke kama huyu hasimuliwi kwa sauti ya chini.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Agosti 1958 katika kijiji cha Khedli, wilaya ya Bundi, mtoto wa tatu wa mzee Bherulal Nagar, mkulima wa haradali, akaanza shule mwaka 1965 na kutolewa darasa la nne kwa sababu maji yalikuwa mbali na wa kuyateka alikuwa yeye, lakini kusoma hakukumtoka, kila gazeti lililofungiwa sukari guru alilikunjua akalisoma mpaka tarehe.

Tulifunga ndoa tarehe 14 Mei 1975, tukajaliwa Hemraj mwaka 1978 na Manbhar mwaka 1981, na miaka yote hiyo hakunitaja jina hata mara moja, maana tumelelewa kuamini kwamba mume akitajwa jina na mkewe umri wake hupungua, kwa hiyo akinihitaji alitikisa bangili, na baadaye akawa ananiita Baba Hemraj.

Sasa hapa ndipo penye utamu! Januari 1995 uenyekiti wa kijiji chetu ukatengewa wanawake peke yao, na mimi nilikuwa nimekwisha kushona nguo ya ushindi, basi nikamsimamisha yeye, bango likawa na picha yangu kubwa na jina lake chini kwa herufi za sisimizi, tukashinda, na kwa miezi ishirini kiti nilikikalia mimi, mhuri ukakaa mfukoni mwangu, yeye akabaki jikoni akisukuma mikate, nikawa nampelekea karatasi atie sahihi bila kumweleza chochote, kumbe mwenzangu alikuwa anazisoma zote.

Tarehe 2 Oktoba 1996, hapa hapa uani, nilitangaza kwamba pampu ya maji itachimbwa mlangoni kwa rafiki yangu mmoja, yupo hapa, anajijua, mara akaingia Kesar Bai, mtandio umemfunika hadi kidevuni, nyuma yake wanawake arobaini na mitungi mitupu, akasimama mbele yangu akasema, "Nandkishor, ondoka kwenye kiti changu."

Jamani! Mama yangu alishika kichwa akalia, "Amemuua mwanangu!", mzee mmoja akaniinamia kuona kama napumua, nami nikajikaza nikacheka, nikamwambia, "Wewe, rudi nyumbani, unga uliokanda utakauka," akanijibu, "Unga nimeufunika. Lete mhuri."

Nikautoa mfukoni, ndugu zangu, na aibu ya siku ile ndiyo fahari yangu leo, na pampu ikachimbwa kwenye mtaa wa wale wanawake, nanyi mmekunywa maji yake asubuhi hii.

Desemba 2003 alichaguliwa kuingia bunge la jimbo kule Jaipur, kwa kura 613 zaidi ya mpinzani wake, nikacheza mpaka kilemba kikaanguka, na mwaka 2008 aliposhindwa alirudi anacheka, "Afadhali, mikate ya Jaipur ilikuwa ya baridi," akaendelea kusikiliza kesi za watu barazani kwetu.

Figo zilianza kumsumbua Machi 2021, na tarehe 11 Novemba 2023, saa nne asubuhi, alituacha, baada ya kunitaja jina kila siku kwa miaka ishirini na saba, na laiti kutajwa kungepunguza umri kweli, ningekuwa nimetangulia mimi.

Siku mbili kabla aliniita kitandani, akasema, "Nandkishor, siku hiyo utanisemea wewe, safari hii nimekutuma mwenyewe, ila usikikalie kiti."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliotuletea chakula, maana kwa mila yetu jiko la nyumba yenye msiba haliwashwi, wajumbe wenzake wa baraza la kijiji, hata wapinzani wake, ambao naona ndio mnaolia zaidi.

Kiti chake hicho hapo, kimevishwa maua, nina miaka sabini na moja, magoti yananiuma, na maneno yote haya nimeyasoma nimesimama. Kesar, pumzika kwa amani.