Kunegunda Ndunguru, Aliyeifundisha Mitambo Kuamkiana

Ifikapo tarehe 30 Juni 2004, Mama Kunegunda Ndunguru atakabidhi funguo za chumba cha mawasiliano cha Shirika la Maghala Lukumbo, hapa Songea, baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi. Minane ya mwisho aliongoza kitengo akiwa kaimu. Kwa hesabu zetu sisi mafundi wa karakana, kukaimu miaka minane ni kuongoza.

Alianza mwaka 1975 kama mwendesha redio. Sauti yake ilijulikana kuanzia Mshangano hadi Tunduru, na madereva wa malori walijua kwamba ukichelewa kumjibu, anakuita kwa jina lako la ubatizo wilaya nzima ikisikia. Kompyuta zilipoletwa, alibeba vitabu vya mwongozo nyumbani na kuvirudisha vimejaa masizi ya jikoni.

Kazi yake kubwa ilikuja mwaka 1999. Soko la mazao limeshafunguliwa kwa wote, wanunuzi binafsi wanawafikia wakulima kabla yetu, na kampuni iliyotuuzia mfumo wa kuendeshea kompyuta ikatuambia toleo letu limezeeka, haitalihudumia tena. Programu ya mtandao, ile inayoziwezesha kompyuta za maghala kutumiana taarifa kupitia redio, ilikuwa nzima, na msimbo wake, yaani maandishi ya maagizo yanayoiendesha, tulikuwa nao. Ila ilijua kuishi ndani ya mfumo ule tu. Mama Kunegunda akapendekeza tuihamishie kwenye Linux, mfumo huria ambao yeyote anaruhusiwa kuufungua na kuurekebisha. Uongozi ukakubali kwa sharti: msimu wa korosho ukifunguliwa na ghala la Namasakata bado halipatikani mtandaoni, lifungwe. Bakili, mtunza ghala, na walinzi wake wangekosa kazi.

Kuhamisha programu ya namna hiyo ni kama kuhamishia injini kwenye lori la aina nyingine. Injini ni ileile, lakini vishikizo vyote unachonga upya. Yeye alichonga, sisi mafundi tulivuta nyaya na kusimamisha antena. Kompyuta mbili kabla ya kuzungumza hupeana ishara: moja inaita, nyingine inaitika. Ndani ya msimbo, ishara hizo alizipa majina ya shikamoo na marahaba.

Katika maghala, Matogoro ikaingia mtandaoni. Mshangano ikaingia. Namasakata, kimya. Tukabadilisha antena, tukabadilisha nyaya, tukayalaumu mawingu. Msimu uko mlangoni. Mwishowe Bakili akapiga redio ya sauti, kachoka: "Shikamoo Mama. Mashine yetu hii ya betri mliiambia ingoje kuitwa, nayo inangoja. Ninyi huko mnangoja nini?"

"Marahaba, mwanangu. Sisi tunangoja mtuamkie."

Mama Kunegunda akalisikia jibu lake mwenyewe. Kisha akacheka mpaka miwani ikamdondoka.

Kosa lilikuwa la malezi. Alipoandika kanuni za kuitana, aliyafanya makao makuu kuwa mkubwa, na mkubwa huamkiwa. Matogoro na Mshangano, zenye umeme wa mjini, zilikuwa zinaamkia zenyewe kila asubuhi, kwa hiyo hatukugundua kitu. Namasakata, kwa kubana betri, ilikuwa inasikiliza tu. Basi huku adabu, kule adabu, na ghala linakaribia kufungwa. Akaifuta kanuni ile akaandika nyingine: mwenye shida ndiye aanze, umri usiangaliwe. Jioni ileile makao makuu yakaita kwanza, Namasakata ikaitika, na ghala lipo wazi mpaka leo. Bakili bado analifungua mwenyewe.

Siku ya uzinduzi wa mtandao, wageni walishukuriwa mmoja mmoja, hata mpambaji wa ukumbi. Jina la Mama Kunegunda halikusomwa. Na kuhusu kuthibitishwa katika cheo, utawala unaeleza kwamba miaka yote ulikuwa unangoja aombe. Yeye alikuwa anangoja aitwe. Ni kosa lilelile la Namasakata, isipokuwa hili hakuna aliyelifuta.

Anarudi nyumbani Matogoro, kwenye migomba yake na wajukuu wasiomwogopa hata kidogo. Tunamshukuru kwa kila ghala linaloitika. Tunamwombea afya, mvua za wakati, na asubuhi ndefu zisizokatizwa na mlio wa redio. Na kwa kuwa kanuni ni yake, kwamba mwenye shida ndiye aanze, safari hii makao makuu yanatangulia:

Shikamoo, Mama Kunegunda.