Amri ya Mungu Kwenye Fomu ya Fidia

Mwaka wa hamsini na sita basi la Maramba bado lilikuwa na mabenchi ya mbao, na mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisinzia begani kwangu. Mbele yetu alikaa Mzee Mselem, mtumishi wa shule ya serikali, na mguu wake haukunjiki. Alikuwa akimsimulia Praxeda, mama wa mashamba ya mkonge aliyekutana naye humo humo basini, jinsi ngazi ya shule ilivyomvunjikia akiezeka darasa.

"Karani akaniuliza, ilikuwaje? Nikamjibu, amri ya Mungu. Akaandika vivyo hivyo! Wamenijibu fidia hakuna, kwani kazi haihusiki. Fomu nyingine mwisho wa kuijaza ni leo."

Praxeda akacheka mpaka kapu likamponyoka. "Basi leo taja ngazi, baba! Sema ilikuwa mbovu."

"Nimkane Mungu kwa ajili ya mguu?"

"Kwani aliyekwambia uipande hiyo ngazi ni Mungu au mwalimu mkuu?"

Nikaomba istighfari kimoyomoyo, ila swali lilinikaa. Siku zile tulijibu "amri ya Mungu" kwa kila jambo, hata wali ukiungua, na hakuna aliyetuelewa vibaya.

"Wataniapisha, mama. Nishike msahafu niseme nini?"

"Sema yote mawili. Mungu anajua, karani ndiye hajui."

Basi likasimama Ngamiani, Tanga mjini. Mzee Mselem akaikunjua fomu, akaitazama.

"Yote mawili," akasema, "na wameniachia mstari mmoja."