Onesmo Masalu, Aliyesemwa Haitikii Salamu

Ndugu waombolezaji, mlioacha mashamba na biashara zenu Songwa, Bugarama na Nyarugusu mkaja kutushika mkono, familia inaomba muisikilize safari ya mpendwa wetu Onesmo Masalu, kama mkewe Klara Mihayo alivyotusimulia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1969 kijijini Songwa, katika eneo ambalo sasa ni wilaya ya Kishapu, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Masalu na Mama Bernadina, ambao wote wametangulia mbele za haki, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia mwaka 1978 hadi 1984, kisha akachunga ng'ombe wa baba yake mpaka mwaka 1991, alipokwenda kutafuta maisha Nyarugusu, mkoani Geita.

Huko alikuwa mlipuaji wa baruti kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo, na tarehe 6 Agosti 1996 baruti ililipuka kabla hajatoka shimoni, akaokolewa akiwa mzima wa viungo, lakini masikioni ukabaki mvumo tu. Hakumwambia mtu, kwa kuwa asiyesikia onyo hashushwi shimoni, na wakati huo alikuwa anamuuguza mama yake. Basi wakubwa wakawa wanamsalimia anapita, watoto wanampa shikamoo anapita, na kwetu Usukumani mtu wa namna hiyo huogopwa. Wakasema ana ndagu, yaani dawa ya utajiri, kwamba mganga amemkataza kuitikia salamu ili apate dhahabu, na jirani yake Abel akawakataza wanawe wasikanyage uani kwake.

Klara, aliyekuwa akiuza chakula pale machimboni, naye hakumpenda, maana kila mchana alimkaribisha na hakujibiwa, hadi siku moja ya mwaka 1997, lori la mawe lilipokuwa likirudi nyuma, honi inalia, watu wanapiga kelele, na Onesmo ameinama palepale anafunga viatu. Klara akatupa mwiko, akamvuta shati, wakaanguka wote wawili vumbini.

"Wewe huna masikio?" alimfokea.

Onesmo alimtazama midomo, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Dada, sina. Nakuomba usiwaambie, watanifukuza shimoni."

"Utafia humo," Klara alimwambia, akarudia polepole mpaka akaelewa.

Siri aliitunza, ila hakuacha kumsihi, na mwanzoni mwa mwaka 1998 Onesmo aliacha baruti, akaanza kuchonga matimba, yale magogo yanayozuia kuta za shimo zisiporomoke. Mwezi Julai alikwenda Bugarama, nyumbani kwa kina Klara, na mshenga wake kuposa. Walikuwa wameketi uani na wazee wa ukoo, Mzee Mihayo akatokea nyuma yao.

"Mwangaluka!" alisalimia.

Mshenga aliitikia, Onesmo kimya. Mzee akarudia, kimya.

"Mtu kama huyu ndiye aniombe binti?" alisema, akaishika fimbo yake. "Nyanyukeni muende."

Klara akatoka jikoni na sufuria, akasimama nyuma ya mgongo wa Onesmo, akaigonga kwa mwiko kwa nguvu zake zote, kuku wakatawanyika, wazee wakaruka vitini. Onesmo hakutikisika.

"Baba, hajakudharau," alisema huku analia. "Hajakusikia."

Onesmo aligeuka, akaiona sufuria, akajua siri imetoka, akainamisha kichwa. Mzee Mihayo aliiweka fimbo chini, akazunguka hadi mbele yake, akamwinua kidevu, akamsalimia tena, na safari hii aliitikiwa kwa heshima zote.

Ndoa ilifungwa tarehe 24 Oktoba 1998 huko Bugarama, na Mungu akawajalia watoto watatu, Noela, Edson na Hosiana. Nyarugusu nako habari ilifika, watu wakajifunza kumgusa bega kwanza, na ndipo wakakuta mtu mcheshi, mwepesi wa kusaidia. Mwaka 2006 upepo ulipoezua nyumba ya Abel, aliyefika wa kwanza ni Onesmo na mbao zake, hakuitwa na mtu, aliona tu paa halipo. Abel alianza kumwomba radhi, Onesmo akamwashiria amshikie ngazi.

Mwaka 2022 alianza kusumbuliwa na mapafu kwa sababu ya vumbi la miaka mingi, akatibiwa Geita, kisha Shinyanga mjini, ambako alifariki dunia tarehe 9 Juni 2024, mkono wake ukiwa mkononi mwa Klara.

Tunawashukuru madaktari, na wauguzi waliokuwa wakimwandikia maneno kwenye kiganja ili asikose kuelewa, tunawashukuru majirani mliopika na kukesha, na mafundi wenzake wa matimba mliomchongea jeneza bila kuombwa. Klara ametutuma tuseme kwamba alionywa ataolewa na mtu wa dharau, na katika miaka yote waliyoishi pamoja hakuna binadamu aliyemheshimu kama huyo.

Baba Noela, umefanya kazi ya kutosha. Pumzika sasa, kwa amani.